Seremala Aliyenyoosha Bawa

Mtaani walimwita Pimamaji, na yeye aliipokea lakabu hiyo kama wengine wanavyopokea cheo. Kile kijiti cha bati chenye kichupa cha maji na povu ndani yake hakikutoka mfukoni mwake ila wakati wa kuoga. Akienda kwenye nyumba ya msiba, kabla hajakaa alikuwa ameshakilaza kwenye kizingiti cha dirisha, akatikisa kichwa kwa huzuni, ndipo akasema poleni. Wafiwa walibaki hawajui kama anamsikitikia marehemu au dirisha.

Tusimnyime haki yake, alikuwa fundi kweli. Milango yake ilijifunga kwa kusukumwa na kidole kimoja, na droo zake zilikwenda na kurudi kama pumzi ya mtoto aliyelala. Shida ni kwamba Mwenyezi Mungu alimjalia mkono mnyoofu, naye akadhani amejaliwa kila kitu kingine kinyoofu vilevile. Chochote kilichopinda duniani alikiona ni uzembe wa mtu fulani. Walipomwomba afunge mifereji ya mvua kwenye paa la nyumba ya ibada, aliifunga sawasawa kabisa, haikuinamia kulia wala kushoto, povu likakaa katikati ya kichupa kama sultani. Mvua ilipokuja, maji hayakujua yaelekee wapi. Yakabaki palepale juu, yakazaa mbu, na mbu wakawa waumini wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Waliokuwa na ujasiri kuliko wenzao walinunua dawa ya mbu.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karakana ya mume ilikuwa uani, na katikati palikuwa na korido ambamo dada mkubwa wa Pimamaji, mjane, alikuwa ameweka kiti chake na hakukiondoa. Wifi huyu alikuwa na kazi moja tu, kumsifu mdogo wake. Kila mteja aliyepita koridoni aliambiwa kwamba ndugu yangu hajakosea tangu azaliwe, hata kutembea alianza bila kuanguka. Mshonaji alikuwa anausikia wimbo huo mwaka wa ishirini na sita sasa. Ulipoanza, aliinama kwenye cherehani akakanyaga kwa nguvu zaidi. Kelele ya cherehani ni stara kubwa kwa mke wa mtu.

Mambo ya bawa yalianza na kitanda. Mzee mmoja mstaafu alileta kitanda chake kilichovunjika chaga, na ndani ya droo ya kitanda alisahau bahasha ya karatasi. Mzee huyu alikuwa ameosha ndege uwanjani kwa miaka ishirini na mitatu, kwa mpira wa maji, brashi na sabuni, na tangu astaafu alizizungumzia kama mtu aliyeziunda. Walimwita Mwosha Ndege. Karatasi zake zilikuwa fotokopi za kitabu kinachoeleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kujitengenezea ndege ndogo nyumbani kwake, kwa mbao, gundi na kitambaa. Na ndege yenyewe haikuwa na mkia. Haikuwa na tumbo refu wala kiwiliwili. Ilikuwa bawa tupu, pana, limeenda kushoto na kulia, mtu anakaa katikati, na mgongoni mwake kuna injini ndogo yenye panga boi.

Pimamaji aliisoma bahasha ile akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akaiita nyumba nzima. Alieleza kwamba siku zote mikia ya ndege ilimkera. Mbao nyingi, kazi nyingi, kitu chenyewe kimening'inia nyuma hakina abiria hakina mzigo. Sasa amepatikana mtu mwenye akili ameukata.

Mkewe aliuliza, kwa upole, ndege itaishije bila mkia.

"Popo ana mkia?" mume akamuuliza.

"Popo simjui vizuri. Kuku anao."

"Na kuku anaruka kwenda wapi?"

Mshonaji alikubali moyoni, kwa sababu kweli kuku haendi mbali. Wifi alicheka mpaka akajipangusa macho, akasema ukitaka kubishana na ndugu yangu uje na mnyama mwingine.

Basi kazi ikaanza, na vitanda vya watu vikasubiri. Bawa lilijengwa kwa mbavu ishirini na mbili za plaiwudi, zimepangwa kama mbavu za samaki, na kila ubavu ulikuwa umechorwa kitabuni kwa ubavuubavu. Mbele ulikuwa mnene, ukienda nyuma ukikonda, na karibu na mwisho, badala ya kumalizika kwa heshima, uliinua ncha yake juu kidogo, kama mtu aliyelala kifudifudi akanyanyua vidole vya miguu. Pimamaji aliutazama mnyanyuko ule kwa muda mrefu. Alikilaza kijiti chake juu ya karatasi, ingawa karatasi haina maji ya kupimwa. Alifikiria mashine ya fotokopi, akafikiria mkono wa mchoraji, akawahurumia wote wawili. Kisha akachukua rula, akapiga mstari mnyoofu juu ya ule uliopinda, na kwa penseli yake nene ya useremala akaandika pembeni: KOSA. Mchoraji alikuwa mtu wa mbali, pengine keshakufa, hakuwa na namna ya kujitetea. Mbavu zote ishirini na mbili zikakatwa zimenyooka mpaka mwisho, tena kwa uzuri ambao ungemtoa mtu machozi.

Hakumwambia mtu. Mtu akisahihisha kosa la herufi kwenye barua, huwa hapigi mbiu.

Miezi mitatu baadaye mbao zilikuwa tayari kuvishwa, na hapo ndipo zamu ya mkewe ilipofika. Alipewa ukurasa mmoja tu, ule wa vipimo vya kitambaa. Alikata kwa kufuata karatasi, maana ndivyo alivyofundishwa, nguo hukatwa kwa kipimo, haikatwi kwa macho. Alipokwenda kulivisha bawa, mbele palikaa, katikati pakakaa, nyuma kitambaa kikalegea na kufanya mkunjo, urefu wote wa bawa, kama suruali ya mtu aliyeugua akapungua.

"Umekata vibaya," mume alisema, na akarudi kwenye injini yake. Ilikuwa injini ya pikipiki, na ilimpa matatizo ya kutosha.

Neno hilo lilimchoma mshonaji. Alikuwa mtu wa kusamehe, kila jioni alisali na kusamehe orodha nzima, lakini umekata vibaya hakuwa ameambiwa tangu akiwa mwanafunzi wa ushonaji. Alipima kitambaa mara tatu. Kitambaa kilikuwa sahihi. Na mshonaji anajua, nguo iliyokatwa sawa ikikataa kukaa, basi mwili ndio uliodanganya. Siku iliyofuata mume alipokwenda kununua mbao, mkewe aliingia karakanani akafungua bahasha. Akaziona mbavu zilivyochorwa, akauona mstari wa rula, akalisoma lile neno nene pembeni. Akakaa juu ya benchi la randa.

Chakula cha mchana alikiandaa kama kawaida, akamnawisha mume mikono, akangoja amalize tonge la tatu.

"Baba, huyu aliyechora kile kitabu alikuwa mlevi?"

"Nani kakwambia?"

"Nauliza tu. Naona amekosea mahali pamoja, kwenye kila ubavu. Hata mlevi hajikwai ngazi ileile mara ishirini na mbili."

Pimamaji aliacha kutafuna. Alieleza kwa subira, kama anavyowaeleza wateja, kwamba mchoro ni mchoro na ufundi ni ufundi, kwamba amesahihisha ramani za wahandisi kabla ya hii, na kwamba kitu kilichopinda hakiwezi kwenda mbele sawasawa, hata mtoto anajua. Mwishoni alisema, "Mke wangu, wewe shona. Mbao niachie mimi."

Kutoka koridoni sauti ya wifi ikaingia bila hodi. "Siku hizi sindano inaifundisha randa."

Mshonaji aliondoa sahani. Alivaa mtandio wake akaenda kwa Mwosha Ndege, ambaye alikuwa amefanywa mshauri mkuu wa shughuli nzima na sasa alitembea na fimbo aliyokuwa haihitaji. Mzee alimkaribisha, akamsikiliza amefumba macho. Akasema mabawa aliyoyapitishia brashi hayahesabiki, na yote nyuma yalikuwa yamenyooka kama rula.

"Na mikia yalikuwa nayo, hayo madege?"

Mzee alifikiri. "Mikia sikuwa naosha mimi," alisema. "Hiyo ilikuwa ya zamu nyingine."

Mshonaji alirudi nyumbani, akachukua kadibodi nyembamba anayokatia vielelezo vya kola, akakata mabawa mawili madogo yanayofanana kama mapacha, akabandika kipande cha risasi ya kutia pazia uzito puani mwa kila moja. La kwanza aliliacha limenyooka. La pili alilikunja ukingo wa nyuma, ukainuka kidogo. Akapanda ngazi ya uani inayokwenda kwenye dari la kuwekea mbao, akasema bismillahi ya moyoni, akalirusha la kwanza. Liliinama, likapiga pua chini mguuni mwa ngazi. Akarusha la pili. Hilo lilikwenda taratibu, limetulia kama mtu anayejua njia, likapita juu ya kamba ya nguo, juu ya ukuta, likatua uani kwa jirani ndani ya beseni la vyombo. Alirudia mara tano. Mara tano lililonyooka lilisalimia ardhi, na mara tano jirani alirudisha lile lililokunjwa, mwisho akiuliza kama wanamtafuta ugomvi.

Jioni ile alimwita mume uani akamwonyesha. Na kwa kuwa alijua mumewe haelewi kitu mpaka kifanane na nyumba, alimwambia hivi: "Ukimfukuza mtumishi, kazi yake haiondoki naye. Vyombo vinabaki pale, lazima mtu avioshe. Mkia ndio ulikuwa unashika kichwa kisianguke. Umeufukuza, sawa. Sasa nani anashika kichwa? Huo ukingo wa nyuma. Ndiyo maana mwenye kitabu ameuinua. Wewe umefukuza mtumishi, halafu aliyejitolea kuosha vyombo umemkata mikono."

Pimamaji aliliokota bawa la kadibodi kwenye vumbi, akaligeuzageuza, na kwa kitambo kidogo mkewe alidhani linamwingia. Lakini wifi alikuwa amesogeza kiti mpaka mlangoni ili aone vizuri. Mwanamume anaweza kushindwa na mkewe wakiwa wawili, lakini mbele ya dada aliyemsifu miaka hamsini hawezi.

"Karatasi ni karatasi," alisema, akaliweka chini.

Siku ya kuruka ilikuwa imeshatangazwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshaandika hotuba. Mshonaji aliomba usiku na asubuhi, na hakuomba makuu, aliomba mumewe apewe woga kidogo, kiasi cha kijiko tu. Woga haukuja. Kilichokuja ni fikra nyingine, kwamba kitambaa bado kilikuwa kwake. Alikikunja vizuri, akakitia sandukuni, akafunga kufuli, akauvaa ufunguo shingoni chini ya gauni. Kisha akamwambia mume, bila kupandisha sauti, kwamba bawa halitashonwa.

Zilipita siku tatu. Pimamaji alikasirika siku ya kwanza, akanuna ya pili. Siku ya tatu wifi alijitolea kushona yeye kwa shuka zake mwenyewe, akajichoma kidole, akaombewa, akalala. Hapo mkewe akaja na sharti. Atashona, na atashona vizuri, lakini siku hiyo iliyotangazwa, wa kwanza kuruka awe gunia la mchanga lenye uzito wa mume wake, likivutwa kwa kamba nyuma ya gari.

Alitazamia ugomvi. Badala yake Pimamaji alifurahi. Alisema hilo ni wazo zuri, tena ajabu halikumjia yeye, kwa sababu ndege itakayobeba hata gunia lisilo na akili itakuwa imethibitisha usahihi wake mara mbili. Mshonaji alifungua sanduku, akaangalia pembeni ili asionekane uso. Alijua mumewe hamwogopi mtu wala kifo, lakini kuwaonyesha watu kwamba yuko sawa hakuwahi kukataa.

Walikwenda kwenye uwanja mpana wa nyasi nyuma ya kiwanda cha matofali. Bawa lilikuwa zuri, lazima isemwe. Limevishwa kitambaa cheupe, limepakwa vanishi likakaza kama ngozi ya ngoma, na ukingo wa nyuma ulikuwa mnyoofu hata ukiutazama kwa jicho moja unahisi aibu ya mwili wako. Gunia lilipimwa kwenye mizani ya kiwandani. Wifi alilivalisha ovaroli ya ndugu yake na kofia yake, akalifunga mkanda kwenye kiti, akalipangusa vumbi begani. Pimamaji aliweka kijiti chake juu ya mabega ya gunia kuhakikisha limekaa sawa. Lilikuwa limekaa sawa. Alitaka watu walione povu, wakaliona.

Mwenyekiti alisema mtaa wetu leo umeingia angani, na aliendelea kusema mpaka dereva wa pikapu akawasha gari mwenyewe. Mwosha Ndege alipita na kitambaa, akalifuta bawa mara ya mwisho kwa utaalamu wake wote. Kisha kamba ikakaza.

Bawa lilikimbia likirukaruka kwenye magurudumu yake ya toroli, halafu magurudumu yakaachana na nyasi. Watu wakainua shingo. Likapanda urefu wa mtoto, urefu wa mtu, urefu wa mlango. Pimamaji akakohoa, tayari kusema neno litakalokumbukwa. Hapo bawa likainamisha kichwa. Halikuyumba wala kutetemeka. Liliinama kwa adabu, kama kijana anayesalimia wakubwa, likaendelea kuinama na kuinama mpaka pua ikaingia ardhini, na nyuma yote ikaja juu yake. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa kabati lililoanguka chumba cha pili.

Wifi alipiga yowe, akaanguka chini, akalia kwamba ndugu yake amemwacha peke yake duniani, na wakati huo alikuwa amemshika mkono ndugu huyohuyo. Pimamaji alimwinamia akamwambia dada, mimi niko hapa. Wifi alimtazama, akamtambua, akaendelea kulia hata hivyo. Kilio kikishaanza kina heshima yake.

Mshonaji alikuwa wa kwanza kufika. Alikuta boriti ya mbele imevunjika, imerudi nyuma na kupita katikati ya kiti. Gunia lilikuwa bado limefungwa mkanda, kofia imeshuka mpaka puani, kama lingekuwa na pua. Mchanga ulikuwa unatoka kwenye kifua cha ovaroli, kimyakimya, bila haraka, pale kwenye kifungo cha tatu. Kifungo hicho alikuwa amekishona yeye wiki iliyopita. Alikaa chini kwenye nyasi. Lile neno linalosema nilikwambia lilikuwa mdomoni, tayari, limeshavaa viatu. Hakulifungulia mlango.

Mume alifika nyuma yake. Alitazama boriti, akautazama mchanga. Mkono wake ulipanda wenyewe ukagusa kifua chake, mahali palepale, ukabaki hapo. Mkewe aliuona mkono ule akamshukuru Mungu. Kisha wakafika mwenyekiti, na Mwosha Ndege, na umati, na mkono ukashuka.

"Gunia lilikaa vibaya," Pimamaji alisema kwa sauti ya kusikika.

Watu waliitikia kwamba kweli, magunia hayana uzoefu. Mwosha Ndege aliongeza kuwa yeye aliona tangu mapema gunia lina wasiwasi.

Hapo ndipo mshonaji alipopata hofu yenyewe kwa mara ya kwanza. Kabla ya siku ile alikuwa na kitambaa cha kushikilia. Sasa sharti limetimizwa, ahadi ya kushona ni ahadi, na mume anayeweza kuona boriti imepita kifuani akalaumu gunia, basi ataunda lingine vilevile, na safari hiyo atavaa ovaroli mwenyewe. Siku nne alisikia randa uani. Alisikiliza kila mkwaruzo, akijaribu kujua kwa sikio kama mbao inanyooshwa au inapindwa. Kwa sikio haijulikani. Mara ya kwanza maishani mwake alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, akaufumua.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, Pimamaji aliingia chumba cha mbele akasimama karibu na mlango. Hakukaa. Alishika kitambaa cha mteja, akakisifu rangi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akauliza kama mafuta ya cherehani yapo. Yapo. Akatazama koridoni; wifi alikuwa amelala kitini, mdomo wazi.

"Ile karatasi yako," alisema. "Ile iliyofika kwa jirani. Uliikunja kiasi gani?"

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kikanyagio. Angeweza kumwambia karatasi ni karatasi. Alikuwa na haki, na kwa kweli alilifikiria, akalionja kidogo. Lakini alimtazama, akamwona amesimama kama mteja aliyepoteza stakabadhi.

"Sema kwanza," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Aliangalia dari, akaiangalia sakafu, akamwangalia dada yake aliyelala. Akasogea mpaka karibu na cherehani, akainama, na kwa sauti ya mtu anayemtajia daktari ugonjwa wa aibu, akasema, "Nilikosea."

Mkewe hakumwomba arudie, ingawa alikuwa amelisubiri miaka ishirini na sita na lilipita upesi mno. Alimwambia asichukue kipimo chake yeye, kwani cha kadibodi si cha mbao. Kipimo kimeandikwa kitabuni, kwa milimita, kwenye kila ubavu, na kama hakisomeki ni kwa sababu kuna mtu ameandika juu yake kwa penseli nene. Wakaenda wote uani na kifutio cha mwanafunzi. Penseli ya useremala haifutiki vizuri. Ilibidi waiinue karatasi dirishani, mmoja anashika, mwingine anasoma tarakimu nyuma ya doa.

Mbavu ishirini na mbili zikakatwa upya. Kitambaa kilikaa nyuma bila mkunjo hata mmoja, na kuhusu hilo mume alikipapasa tu kwa kiganja. Gunia jipya lilikwenda kwanza. Liliruka nyuma ya kamba limetulia, likashuka likakaa kwenye nyasi kama limefika kwao, na watu walilipigia makofi marefu mpaka Pimamaji akalionea wivu. Juma lililofuata alipanda mwenyewe. Mkewe alikwenda uwanjani akakaa amefumba macho, akafumbua jicho moja injini ilipopandisha sauti. Aliliona bawa likipita usawa wa paa la kiwanda, halina mkia, halina haya, na katikati yake mumewe ameng'ang'ania usukani amekunja uso kama anayesoma barua ya mahakama. Lilikwenda mwendo wa hatua mia tatu hivi, likashuka, likaruka mara mbili kwenye nyasi, likasimama.

Kufikia alipofika yeye, watu walikuwa wameshamzunguka, na Pimamaji alikuwa anawaeleza. Alieleza kwamba siri yote ya ndege isiyo na mkia iko kwenye ukingo wa nyuma. Lazima uinuke. Wengi hawalijui hilo, alisema, wanadhani kila kitu kiwe kinyoofu, lakini fundi mwenye jicho huligundua. Mwosha Ndege alitikisa kichwa kukubali, akasema yeye alilijua zamani ila hakuulizwa. Wifi alimgeukia mshonaji akamwambia umeona, na wewe ulikuwa unambishia.

Mshonaji alisema ameona. Alimpita kila mtu, akafika kwa mumewe, akamtazama kichwa, mabega, mikono yote miwili, magoti. Vyote vilikuwepo. Alimkung'uta nyasi kwenye kola, akamwachia aendelee kuwasomesha.

Nyumbani Pimamaji alikula sahani mbili, akaomba ya tatu. Alizungumza chakula kikiwa mdomoni, akieleza ukingo upya tangu mwanzo, akionyesha kwa kijiko jinsi unavyoinuka, na mchuzi ukamdondokea kwenye shati. Mkewe alikaa mbele yake ameshika tama, akimwongezea kila sahani ilipopungua. Hakusikia hata neno moja. Alikuwa anamwangalia anavyotafuna.